Nyayo Ndani ya Santuri

Walikutana mchana kwenye jumba la maduka ya redio, kila spika ikipayuka wimbo wake. Nesi alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha fundi, gauni la kijani limemkaa sawasawa, mtandio umemteleza mabegani, vidole masikioni.

"Dada, huku watu huja kusikia," fundi akamtania.

"Nawe unayeuza kelele, usingizi unaupata wapi?"

"Mimi nauza utulivu. Sogea uone."

Akamwonyesha mashine ya santuri aliyoiunda mwenyewe: sahani nzito juu ya bamba la jiwe, jiwe juu ya springi, mota imetengwa pembeni ikizungusha kwa mkanda. Akaipiga meza ngumi. Sindano haikuruka, wimbo haukutetereka. Nesi akacheka, na fundi wa watu akawa kwisha habari yake.

Simu zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Nile vipi, nawe uko mbali?" Mapenzi yakakolea. Nesi hakumficha kwamba ni mjane, wala kwamba kila jioni hupiga santuri ya marehemu kwenye gramafoni kuukuu. Fundi akaona amfurahishe. Akaenda kwake, akamfungia ile mashine ya jiwe, gramafoni akaisukumia uvunguni.

Jioni ile ile simu ikalia.

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Mume gani tena?"

"Nikipiga santuri yake, namsikia akitembea. Du, du, du, ndani ya wimbo. Nikienda jikoni, tunakwenda wote. Nikisimama, anasimama. Leo hayupo!"

Mwili ulimsisimka fundi. Kisha ufundi ukamrudia, na laiti usingemrudia! Alizijua nyayo zile ni za nani. Akinyamaza, atagombea mwanamke na mzimu maisha yake yote. Akisema, huenda akamkosa kabisa. Akasema, maana njia ya mwongo ni fupi.

"Mpenzi, gramafoni ile haina springi. Ukikanyaga, sakafu inatikisika, sindano nayo inatikisika, spika inatoa mlio. Ulikuwa ukijisikia mwenyewe."



"Umeniulia mume wangu mara ya pili," nesi akasema, akakata.

Siku zikapita, simu haipokelewi. Fundi akakonda, akachanganya nyaya, wateja wakamsema. Hata siku moja jina la nesi likawaka kwenye simu. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu asiye peke yake chumbani.

"Nimeirudisha ile ya zamani mezani. Nikatembea, akatembea. Nikavua viatu nikanyata, akanyata. Nikarukaruka kama kichaa, naye hivyo hivyo." Kilio kikamshinda. "Miaka yote hii nimekuwa nikijisubiri mwenyewe."

Fundi akalia naye, bila haya, katikati ya zile kelele.

"Nije niondoe mashine yangu?" akauliza mwishowe.

"Iache. Njoo wewe." Akavuta pumzi. "Ila ukifika kwenye ngazi usinyate. Kanyaga kwa nguvu, nijue kuna mtu."