Sufuria ya Adolphine

Mambo haya yalimukuta rafiki yangu Adolphine, kule Alunguli, na akiyasimulia bado anakasirika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na baridi ilikuwa inaingia mupaka kwenye mifupa. Akaamua kupika sufuria moja tu: maharagi, ndizi za makemba na mafuta ya mawese, yote pamoja. Lakini makala ya kupikia yalikuwa yamelowa. Alipepea jiko lake la mbabula mupaka mukono ukamuuma, na watoto wakaanza kulia njaa.

Mwishowe makala yakashika, yakawa mekundu kabisa. Akasikia sufuria inatokota. Akafunua: maji baridi, maharagi magumu kama mawe. Akafunika kwa hasira. Ikatokota tena. Akafunua tena, akaingiza kidole. Baridi.

“Sufuria gani hii inanicheka!” akapiga kelele.

Giza lilikuwa limeingia jikoni, lakini ule mutokoto haukunyamaza. Ulikuwa unatoka chini ya miguu yake.

Akaita mama-mukwe wake. Yule mama akasimama mulangoni, akasikiliza, hakuingia.

“Hapo njo mwenzetu alizika sufuria wakati wa vita, ili askari wasiibebe,” akasema. “Tulikimbilia pori, na maharagi ilikuwa ndani, haijaiva.”

“Na hamukuifukua, Mama?”

“Mwenye aliizika hakurudi, mwanangu.”

Adolphine akachutama, akaweka kiganja chini. Udongo ulikuwa wa moto. Halafu mutokoto ukanyamaza, na harufu ya maharagi yaliyoiva ikapanda kutoka chini, ikajaa jikoni.