Msitu wa Surlaina

Zama hizo bunduki zilikuwa bado ngeni milimani, na mji wa Surlaina, huko juu katika safu za Alpi, ulikuwa na nyumba themanini tu zilizobanana kati ya mto na mteremko. Watu wake waliishi kwa jibini, na kwa kupitisha chumvi na mvinyo wa wafanyabiashara juu ya mlima, migongoni mwa nyumbu. Juu ya mji ulisimama msitu wa misonobari, na msitu huo ndio uliozuia theluji isiwaporomokee. Sheria ilikuwa kali: hakuna mti ambao ungeangushwa humo mpaka mlinzi wa msitu apige shoka la kwanza. Kwa miaka mia mbili hakuna mlinzi aliyelipiga.

Mlinzi wa wakati huo aliitwa Duri, mtu mkaidi, asiye na maneno mengi.

Mwezi wa Novemba mtawala wa bondeni alituma askari mia tatu, wenye deraya na mikuki, waiteke njia ya mlimani. Kijiji cha kwanza walichokikuta walikitia moto, watu wakiwa ndani.

Flurin, kiongozi wa wenye nyumbu, akamjia Duri mbio. Alikuwa kaka yake Barla, mke wa Duri.

"Shemeji, kesho watapita korongoni. Tukiwa na magogo ya kuwaporomoshea, tutawamaliza. Tusipokuwa nayo, sisi ni arobaini tu, wengi wetu na marungu."

"Na theluji ikija?"

"Theluji! Kitanzi kiko shingoni, wewe unawaza theluji?"

Duri akamgeukia mkewe. Nyumba yao ilikuwa ya kwanza chini ya msitu.

"Askari watatuua kesho," Barla akasema. "Theluji huenda ikatuua, huenda isituue. Nenda ukakate, mume wangu."

Akaenda. Alipiga shoka la kwanza huku analia waziwazi, wala hakuona haya.

Yaliyotokea korongoni sina raha ya kuyasimulia. Magogo yaliposhuka, farasi, watu na deraya vilipondwa pamoja, na waliosalia walikimbia bila kutazama nyuma. Surlaina haikupoteza hata mtu mmoja.

Siku ya tisa baada ya vita theluji ikaanza kuanguka, haikukoma. Duri aligonga mlango mmoja mmoja, akiwasihi watu wa juu wahamie kanisani, ng'ambo ya mto. Wakahama wakinung'unika. Lakini ng'ombe je? Walikuwa kwenye mazizi chini ya nyumba hizohizo, na ng'ambo hapakuwa na pa kuwaweka. Ng'ombe asiyekamuliwa huugua kiwele, na bila jibini mji mzima ungekufa njaa. Basi kila asubuhi na jioni walipanda kwenda kukamua, Duri akiwa miongoni mwao. Nani angewalaumu?

Asubuhi ya kumi na moja baada ya vita ilikuwa zamu ya Duri. Lakini wazee wa mji walimwita ukumbini wamvike mkanda mwekundu wa heshima, na Barla akachukua ndoo.

"Nenda kavishwe, bwana mkubwa," akamtania. "Ng'ombe hawajali nani anawakamua."

Mkanda ulikuwa haujafungwa aliposikia mlima unanguruma.

Walichimba siku tatu. Watu kumi na tisa, masikini! Barla alikutwa ameegemea ubavu wa ng'ombe.

Walipokwisha kuzika, katibu wa mji akaleta kitabu cha kumbukumbu Duri atie alama yake. Kilikuwa kimeandikwa: waliokufa vitani, maadui mia mbili na kumi, wa Surlaina, hakuna.

"Waandike hao kumi na tisa," Duri akasema.

"Hao ni wa theluji, ndugu yangu. Vita vilikwisha siku kumi na moja kabla."

"Nani kakwambia vilikwisha?"

Katibu akainamisha kichwa, wala hakuandika. Theluji ilipoyeyuka, Duri alivuka mlima na nyumbu mmoja, asirudi tena. Kitabu kilibaki, na kila mwaka, siku ya ushindi, mkuu wa mji alikisoma kwa sauti mbele ya watu wote: wa Surlaina, hakuna. Na watu walishangilia.