Maji ya Kulaza Vumbi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Ndaya alijaza ndoo maji na kuyanyunyiza kwenye sakafu ya chumba cha baba yake. Kisha alitundika mashuka mawili mabichi kwenye kamba karibu na kitanda, na dirisha akalifunga kabisa. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara ya malori yatokayo mgodi wa Mashamba, na malori hayo, jamani, hayana huruma na mapafu ya mtu.

Baba yake, Tata Muamba, alikuwa ametoboa miamba mgodini kwa miaka ishirini na miwili. Vumbi la mawe lilimwingia mapafuni likakaa, na madaktari walisema halitoki tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Ndaya kazi ile ya maji.

"Kule mugodi tulikuwa tunamwanga mayi kwa majiwe kwanza," alimwambia. "Mayi njo inalaza vumbi."

Miezi yote ya kiangazi, vumbi jekundu lilipopenya hata chini ya mlango, maji yalimsaidia kweli. Mama alipoondoka kwenda Dilolo kuuza nguo, alimwambia Ndaya, mtoto wa miaka kumi na miwili tu, "Nakuachia tata yako." Ndaya aliitikia kwa moyo mmoja.

Kisha mvua zikaanza. Sakafu haikukauka tena, na shuka lililotundikwa Jumatatu lilikuwa bichi bado Jumatano. Kifua cha Tata Muamba kikaanza kupiga filimbi. Ndaya akadhani vumbi limezidi, maskini, akaongeza ndoo ya pili.

Siku moja alisogeza kitanda ili afagie. Loo! Ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa kuvu jeusi, linanuka kama mihogo iliyosahauliwa majini. Ndaya aliona haya. Majirani wangesema nini? Mama hajamaliza hata mwezi Dilolo, nyumba imeoza! Alipangusa, kuvu likarudi. Mwishowe akapigilia kipande cha kitenge mbele yake.

"Umenipambia chumba, mama yangu," Tata Muamba alimwambia bintiye akitabasamu. Ndaya aliinama, akajifanya anatafuta kiatu.

Alhamisi walikwenda kituo cha afya. Mama Agnès, muuguzi aliyemfahamu Tata Muamba tangu zamani, alikisikiliza kifua chake, akakunja uso.

"Ndaya, chumba yake iko namna gani? Hakuna ubichi? Hakuna kuvu mu ukuta?"

"Iko mukavu, mama," Ndaya alijibu upesi.

Muuguzi alimwamini, akabadilisha dawa. Dawa ile haikufua dafu. Jumanne adhuhuri Ndaya alirudi kutoka shuleni akamkuta baba yake ameketi kitandani, mikono magotini, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza hata neno moja. Alipiga kelele. Jirani yao, Tata Mwenze, alimbeba mgonjwa mgongoni mpaka kwenye gari, wakamkimbiza hospitali. Huko alivalishwa barakoa ya kumpa hewa ya mtungi.

Mama Agnès alipopata habari na kufika hospitali, Ndaya alimshika mkono pale mlangoni.

"Mama, nilikudanganya. Chumba iko na kuvu. Mi njo nilikuwa namwanga mayi kila siku, hata mu mvua. Mi njo naua tata!"

Mama Agnès alimkumbatia kwanza. Kisha akasema, "Twende tuone."

Jioni ile ile, nyumbani, walikitoa kitenge, wakakusanya mashuka, wakasugua ukuta kwa maji ya sabuni na kuukausha kwa vitambaa. Godoro lilikuwa limeoza upande mmoja, likatupwa. Mama Agnès alifungua dirisha. "Vumbi upanguse na kitambaa chenye ubichi kidogo tu, sakafu ibaki mukavu. Mvua ikilaza vumbi ya barabara, fungua, hewa ipite. Nguo zikauke inje, chini ya baraza. Mwenye mapafu mabaya, hewa nzito ya kuvu inamukaba."

Tata Muamba alirudi baada ya siku tisa. Filimbi ya kifuani ilikuwa imepungua, na chumba kilikuwa kikavu. Lakini kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili, na zamani hakupumzika hata mara moja. Ndaya aliyahesabu mapumziko hayo, akageuza uso.

"Keti, mama yangu," baba alimwambia. Alisema vipande vipande, akivuta pumzi kati ya neno na neno.

"Utapona, tata?"

"Hapana. Hii ugonjwa nilitoka nayo mugodi. Si we uliniletea. Usibebe ile muzigo." Akavuta pumzi tena. "Lakini sikia. Kumwanga mayi, ulikosea sababu ya kunipenda. Kuficha kuvu, ulificha sababu uliona haya. Muganga hatibu kitu ile banamuficha. Haya inapita siku moja tu, mutoto wangu. Pumuzi ikienda, hairudi. Kitu ikikushinda, sema. Hata ikiwa mubaya, sema."

Ndaya alilia kimya. Baba alimwacha alie. Kisha akamwuliza ni kitu gani kingine amekificha moyoni.

"Niko na woga, tata."

Tata Muamba alimshika mkono. Alichukua muda mrefu kupata pumzi ya kujibu.

"Hata mi, mama yangu," akasema.