Betri Hulala Kifuani

Jumamosi ile soko la penye makutano ya mito lilifurika watu, na nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Daria Kostiuk alikuwa amepiga magoti mbele ya baiskeli yake, ufunguo wa kufuli ameubana kwa meno, kwa sababu vidole vilikuwa vimemfa ganzi. Alivaa koti jekundu lililomfika magotini, kofia ya sufu aliyofumiwa na bibi yake, na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa jambo.

"Dada, nikusaidie?"

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, ndevu zimeganda barafu, ovaroli yenye madoa ya oili ikichungulia chini ya koti.

"Nikupe ufunguo wangu? Wezi wa siku hizi wana adabu kweli."

"Ningekuwa mwizi, ningeiba kitu chenye injini."

Daria akacheka, na ufunguo ukadondoka kwenye theluji. Wakautafuta pamoja, wakaishia ndani ya soko, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Huyo ndiye Rémi Lavallée, fundi magari kutoka ng'ambo ya mto. Aliitazama mikono ya Daria, myeupe kama chokaa.

"Hii imepatwa na nini?"

"Baridi iliila miaka miwili iliyopita. Tangu hapo ikiguswa na baridi kidogo tu, inakufa ganzi. Na mimi ni msusi, mkasi ndio ugali wangu. Daktari kaniambia niache baiskeli au niache mkasi. Mama naye wimbo ni huohuo."

"Ukachagua nini?"

"Vyote viwili."

Wiki moja baadaye Rémi aliingia saluni na boksi mkononi, wateja wote wakageuza vichwa. Ndani yake mlikuwa na glavu nyeusi za umeme, kila moja na betri ndogo penye kiganja. Kesho yake asubuhi Daria alisimama katikati ya daraja akampigia simu.

"Rémi! Vidole vyangu vinatoka jasho!"

"Unalia au unacheka?"

"Vyote viwili, mpenzi wangu wewe!"

Ndiyo mara ya kwanza kumwita mpenzi. Rémi alikuwa chini ya gari la mtu. Alijigonga kichwa, na hakusikia maumivu.

Mapenzi yakakolea. Ila Rémi alikuwa na neno lake moja ambalo hakuliacha.

"Baridi ikifika thelathini nitakupeleka kwa gari, sawa kipenzi?"

"Gari ni la wagonjwa."

"Na baiskeli ni ya wakaidi."

"Basi umempata mkaidi wako. Tulia naye."

Januari, Jumapili moja yenye jua, Daria alikula chakula cha mchana kwa Rémi. Akamwachia betri azichaji wakati wanakula. Sasa, katika mji huu magari huchomekwa kwenye umeme nje usiku kucha ili injini zisigande, na kwa fundi magari, chochote kinachotaka umeme mahali pake ni palepale. Rémi akazichomeka betri gereji, kwenye plagi ya gari. Betri ya gari hulala nje miaka yote, lakini hizi ndogo zikishaganda haziingizi chaji hata kidogo. Daria alirudi nyumbani amevaa glavu zake nene za sufu, betri mfukoni, hakushuku kitu.

Jumatatu ilikuwa thelathini na tatu chini ya sifuri. Katikati ya daraja taa nyekundu za glavu zikakonyeza, zikazima. Daria alifika saluni akiwa na malengelenge kwenye vidole vitatu. Siku nne hakushika mkasi.

"Ulizichaji wapi?" aliuliza kwenye simu.

"Gereji."

"Kwenye baridi! Kila mwendesha baiskeli wa mji huu anajua betri hulala ndani!"

"Sikujua, Daria, nisamehe. Lakini labda ni ishara. Acha baiskeli msimu huu, mimi nita..."

Hapo ndipo alipoharibu.

"Kumbe ulifanya makusudi," Daria alisema, akakata simu.

Mama yake hakuficha furaha. "Sasa utapanda basi kama watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Nikivunjika guu, mikono itanitosha kukata nywele."

Malengelenge yalipopona, alizichaji betri mwenyewe kando ya kitanda, asubuhi akazibeba kifuani chini ya sweta mpaka mlangoni, akaondoka. Alilia njiani, na machozi yaliganda, lakini hakugeuza baiskeli.

Siku ya kumi na mbili tangu wagombane alimwona mtu mbele yake darajani akiyumba juu ya baiskeli ya kike yenye kikapu. Mtu akaanguka. Ndevu zile alizijua.

"Rémi? Unafanya nini hapa?"

"Naanguka. Hii ni ya kumi na moja wiki hii."

"Na baiskeli ya dada yako!"

"Nilitaka kujua ni kitu gani nilichokuwa nakuomba uache." Akaelekeza kidevu mtoni, mvuke ukipanda juu ya barafu, jua likitoka ndani yake. "Nimevuka hapa kwa gari tangu utoto. Sikuwahi kuuona mto huu."

Daria akaegemeza baiskeli yake kwenye ukingo wa daraja. Rémi akainuka, theluji magotini.

"Sikufanya makusudi. Ila niliposikia zimezima, moyo wangu ulifurahi kidogo. Hilo ndilo kosa langu."

"Ungesema jingine, ningekuacha hapahapa." Akamvua glavu zake za kazi zenye oili. Vidole vilikuwa vyeupe. "Mjinga wee."

Akamvisha glavu yake moja ya umeme, ya kushoto. Ya kulia, ya mkono wa mkasi, hakuitoa. Mkono wake mtupu akauingiza kwapani mwa Rémi, wakasimama hivyo huku magari yakiwapigia honi.

"Nioe," Daria alisema. "Februari. Na kanisani naenda kwa baiskeli."

"Februari! Mama yako ataniua."

"Ataanza na mimi, amezoea."

Wakaendesha hadi saluni, kila mmoja na glavu moja ya umeme na moja yenye oili. Mlangoni alisimama mama yake Daria, aliyekuja kwa basi kukatwa nywele. Aliwatazama, akazitazama glavu.

"Lete mikono," alisema.

Daria akavua glavu, akaitandaza. Vidole tisa vilikuwa vyekundu. Cha kumi, kidole kidogo cha kushoto, kilisitasita, kingali cheupe, mama akakishika kati ya viganja vyake mpaka damu ikarudi.

Daria akachukua mkasi.

"Kaa mama," alisema. "Leo nakukata nywele za arusi."