Lemuel na Mlango Alioufunga Mwenyewe

"Nifungulie, mzee wangu. Naoa saa kumi!"

"Ungeoa saa tisa, Mheshimiwa," bawabu Tobias akajibu. "Si wewe uliyeomba milango ifungwe?"

Lemuel Thackett akanywea. Mfanyabiashara wa nguo na misumari, mbunge wa jimbo, na leo muswada wake wa daraja unapigiwa kura hapa kwenye Bunge la Madison. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, mbunge Orrin Babcock, ndiye aliyemnong'oneza:

"Omba wafunge, kaka, wapinzani wasikimbie kura. Dakika tano tu, unawahi kanisani."

Akaomba. Kanuni ni kanuni: hatoki mtu mpaka wabunge watoro waletwe na askari wa Bunge. Majina yakaitwa. Mtoro mmoja tu: Orrin!

Kikaratasi kikapenya chini ya mlango. Mwandiko wa mchumba wake Drusilla, mshona kofia, ambaye harusi yao ilishaahirishwa mara mbili kwa sababu ya vikao.

"Orrin yuko hapa kanisani. Anasema umejifungia kwa ombi lako mwenyewe. Kweli?"

Akaandika nyuma yake: "Kweli, lakini..."

"Hiyo 'lakini' futa," Tobias akamshauri. "Mwanamke akishaona 'kweli' hasomi mbele."

Lemuel akakipitisha chini ya mlango hivyo hivyo. Kisha akamgeukia Spika.

"Orrin yuko kanisani!" akapiga kelele. "Mkamateni!"

Askari wakaenda mbio. Waliporudi naye, Orrin alikuwa na ua kifuani. Juu, kwenye viti vya akina mama watazamaji, Drusilla akaketi na gauni lake jeupe, pete kidoleni.

"Mheshimiwa Babcock, udhuru wako?" Spika akauliza.

"Nilikuwa naoa, Mheshimiwa Spika."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Ulinifungisha mlango!" Lemuel akafoka.

"Mdomo ulikuwa wako, kaka."

Lemuel akainua macho. "Drusilla! Hukuweza kunisubiri?"

"Nimekusubiri mara tatu, Lemuel." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mara zote ulikuwa humu ndani."

"Utaratibu!" Spika akagonga meza. "Tunapiga kura: mtoro asamehewe?"

Majina yakaanza kuitwa. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo, na vicheko.

"Thackett?"

Akisema hapana, nani atamrudishia mke? Akasema kitu, hakikusikika.

"Sauti, Mheshimiwa."

"Ndiyo."

Drusilla akashusha shela usoni. Orrin akaketi kitini pake, ubavuni mwa Lemuel, na wakaendelea na daraja.