Kupe wa Bwana Mbio-Mbio

Usiniambie nitulie. Nimetulia miaka mingi na hasira haijapoa.

Tulifika kwa mzungu yule jua likianza kushuka, mimi na Kasimu, kuchagua moteri, yaani injini ya gari. Kazi ya saa moja tu, kisha tungelala Kabambare kwa shemeji yake.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Mimi Raphaël, mzaliwa wa Wamaza, nilikuwa fundi katika garage moja ya Kasongo. Kasimu alikuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti. Mtu mwema, mwenye ugonjwa mmoja: alitaka gari ambalo hakuna mtu mweusi aliyewahi kuliendesha Kasongo. Akasikia kuna mzungu wa pamba, njia ya Kabambare, anarudi kwao Ulaya na anauza lake. Watu walimwita Mbio-Mbio. Alipita vijijini kama mtu anayefukuzwa, mbuzi na kuku wakifa nyuma yake. Hakusimama kuwatazama hata siku moja.

Gari lilikuwa jekundu, la milango miwili, paa limelala kwa nyuma kama mgongo wa paka anayewinda. Wazungu huita gari la namna hiyo kupe. Kwetu kupe ni mdudu wa kunyonya damu. Niliposikia neno hilo nilicheka.

Nilicheka kweli.

"Moteri ziko mbili," Mbio-Mbio alisema, hata salamu hakutoa. "Ya silinda ine iko ndani ya gari. Ya silinda sita iko mu ghala, ndiyo ilikuja na gari. Mutachagua moja, bei ni ile ile. Lakini gari nitaipeleka mimi mara ya mwisho mpaka Wamaza, ndiyo niwape funguo."

Nikamvuta Kasimu pembeni.

"Mzee, chukua ile ndogo," nikamwambia. "Petroli inakunywa kidogo. Buji zake za kuwashia moto na mikanda yake tunapata Kasongo. Ile kubwa itakunywa kama mchanga, na ikivunjika kitu utangoja meli miezi sita."

"Na mulima?"

"Mulima utapanda polepole. Utafika."

"Polepole!" Kasimu alinung'unika. "Nanunua kupe niende polepole? Twende tuisikie kwanza ile mukubwa."

Ghalani kulikuwa na giza na harufu ya pamba iliyolowana. Mlinzi, mzee mmoja aitwaye Célestin, alivuta turubai. Moteri ilikuwa imekaa juu ya magogo mawili. Niliifunga betri, nikaning'iniza chupa ya petroli juu ya kabureta, nikaingiza mkono wa chuma na kuzungusha.

Iliwaka mara ya kwanza.

Sitadanganya, ilikuwa na sauti nzuri. Nzito, laini, kama ngoma inayopigwa mbali. Kasimu alipiga makofi kama mtoto. Kisha akaona mwanga unakwisha mlangoni, akatoka kuswali magharibi.

Nikakata umeme.

Haikuzima.

Jambo hilo fundi analijua. Masizi yakijaa ndani na kuwaka kama kaa, moteri inaweza kuzunguka kidogo bila umeme. Mara tano. Mara kumi. Nikangoja. Nikachomoa mpira wa petroli, nikaushika mkononi, petroli ikadondoka juu ya mguu wangu.

Ikaendelea.

Polepole sasa... kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Harufu ikabadilika. Haikuwa petroli tena. Ilikuwa mawese, mawese mabichi yaliyomwagika juu ya kitu cha moto.

Halafu, katikati ya pigo na pigo, ikaniita.

Haikusema Raphaël. Iliniita jina la nyumbani, ambalo mtu mmoja tu alikuwa akilitumia. Sitalitaja hapa.

Mara ya pili. Mara ya tatu.

Kimya.

Célestin alisimama ukutani, viganja juu ya masikio. Niliinama kuishika moteri, nihakikishe kwamba ni chuma tu. Nyuma ya feni, kwenye mhimili, vidole vyangu vikagusa kitu kilichojisokota pale kwa nguvu. Nikakivuta taratibu. Shanga za buluu. Msalaba wa shaba, mkono mmoja umevunjika.

Rozari ya mama yangu.

Lazima nieleze. Mama yangu, Emilienne, aliokotwa ndani ya majani kando ya njia ya Wamaza miaka miwili kabla ya siku hiyo. Alikuwa ametoka kuuza mawese. Mifupa imevunjika, chungu vipande vipande, na rozari haimo shingoni. Mbio-Mbio mwenyewe alipita kijijini kesho yake na kusema ameona nyayo za chui. Wazee hawakuona nyayo. Wakasema basi ni mulozi, yaani mchawi, na rozari ameichukua ili roho ya marehemu isipate njia. Mulozi gani? Mjomba wangu Octave, kaka yake, maana waligombana juu ya shamba.

Nani alisema jina hilo kwanza? Mimi. Nilitoka Kasongo na huzuni yangu na viatu vyangu vya mjini, nikatema mate miguuni pake mbele ya watu wote. Usiku ule wakachoma nyumba yake. Akakimbilia Nyangwe kwa wavuvi.

"Célestin," nikanong'ona. "Unajua hii?"

Mzee akatazama mlango.

"Damu niliosha mimi," akasema. "Kule mutoni. Aliniambia amegonga swala. Mutoto wangu... swala havai kitambaa."

"Na ulinyamaza."

"Niko na watoto sita. Ningesema kwa nani? Kwa mzungu mwenzake?" Akasogea karibu. "Tangu siku ile, akipita kwenye kona ile, moteri inalia yenyewe. Ndiyo sababu aliitoa. Sasa anasema haogopi tena, anaenda kwao."

Swala. Mama yangu aliyenilea kwa mgongo uliopinda chini ya mawese. Swala! Na mjomba wangu akalala porini kama mbwa kwa maneno ya kinywa changu. Hofu ikaniisha, nikaifumba rozari ndani ya ngumi.

Kasimu akarudi, mchanga wa sala ungali kwenye paji la uso.

"Sasa, fundi? Unasema nini?"

Nikamtazama mtu huyu aliyeniamini.

"Chukua kubwa," nikasema.

Kuibadilisha kulinichukua siku mbili. Sikiliza vizuri: sikulegeza hata nati moja. Breki nilizikaza, usukani niliupima, waya wa mafuta niliupaka grisi. Gari lile lilitoka mikononi mwangu zima kuliko siku lilipoletwa. Masizi nilijua yamo, sikuyakwangua.

Na rozari... niliirudisha. Niliizungusha nyuma ya feni, pale pale nilipoitoa, nikafunga fundo.

"Mama," nikasema, "huyu anakwenda Wamaza."

Mbio-Mbio aliondoka jioni ya siku ya pili, anapiga mluzi. Tulisimama mbele ya ghala, mimi, Kasimu na Célestin, tukaisikia moteri ikishuka bondeni na kupanda ng'ambo. Sauti nzuri. Ilipokaribia kona, ilipaswa kupungua.

Haikupungua.

Ilipanda. Ikapanda tena. Haikuwa sauti ya chuma. Célestin akapiga magoti. Honi ikalia mara moja, ndefu...

Tukakimbia.

Gari lilikuwa limeingia mtini, pua yote imekunjwa. Mbio-Mbio alikuwa ameinamia usukani, amekufa, macho wazi. Funguo alikuwa nazo ndani ya ngumi. Alikuwa amekata umeme, amechomoa funguo kabisa, na moteri ilikuwa bado inazunguka. Polepole. Pumzi kwa pumzi. Kasimu alisoma dua zote alizozijua.

"Fundi, izime!"

Nilikaribia. Sikugusa kitu.

"Mama, basi," nikasema. "Inatosha."

Ikazima.

Nilitazama nyuma ya feni. Mhimili ulikuwa mtupu.

Wazungu walikuja wakapima njia. Fundi wao alifungua moteri, akaona masizi, akasema waya wa mafuta ulinata na dereva alikuwa na mbio. Labda ni hivyo. Mimi mwenyewe ningeweza kumweleza mwanafunzi jambo hilo kwa maneno yale yale, asubuhi, jua likiwaka. Kasimu hakutaka tena gari lolote. Hakuniuliza kwa nini nilibadili neno langu ghalani, lakini tangu siku ile hakunipa tena mkono.

Nikaenda Nyangwe kwa miguu.

Mjomba Octave alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda, anasuka mgono wa kutegea samaki. Amezeeka. Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Mzungu, swala, damu mtoni. Niliposema rozari, mikono yake ikasimama.

"Uliifunga wewe?"

"Ndiyo, mujomba."

"Kwa fundo?"

"Ndiyo."

"Na ukamutuma?"

Mjomba alinitazama, na hapakuwa na hasira usoni pake. Ningeitamani hasira.

"Mimi waliniita mulozi," akasema taratibu, "na sikuua mutu. Wewe ulifunga kitu cha maiti, ukatuma mama yako akaue. Tukuite namna gani?"

Mtoni wavuvi walikuwa wanapanda na mitumbwi, wanazungumza, wanakuja upande wetu. Mjomba aliwasikia. Akauweka mgono chini, akasogea, akaacha nafasi mlangoni.

"Ingia ndani," akanong'ona. "Pesi. Watu wasikuone."

Nikaingia. Akavuta mlango nyuma yangu, yeye akabaki nje.

Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinificha tu, kama mulozi.