Maji ya Mzazi

Haya yalimpata shemeji yangu Sadick, mume wa marehemu dada yangu, nyumbani kwake Kilwa Masoko. Ilikuwa mchana kweupe, na mimi nilikuwepo.

Asubuhi ile nilipanda basi Lindi mjini, nikashuka Nangurukuru, nikaunganisha gari jingine hadi Masoko. Mkobani nilikuwa na kipimajoto, bisibisi na chapati. Nimesomea uhandisi wa maji, na Sadick alinisumbua kwa simu wiki nzima kwamba mfumo wake wa maji ya moto umeharibika.

Hafsa, mke wake mpya, alikuwa mzazi wa siku chache. Nilimkuta bafuni akikandwa na Bi Amina, jirani yao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi ndiyo wewe? Na vidole hivyo vya kushikia kalamu!" Alichovya taulo kwenye ndoo, akalikamua, akalibandika kiunoni kwa Hafsa. Hafsa akaruka. "Tulia, mwanamke! Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba mbona hukulia?"

Hafsa alicheka huku machozi yakimtoka. Ndoo ilikuwa inafuka mvuke, na ilijazwa bombani palepale.

"Mbona ni ya moto?" niliuliza.

"Kwetu sote ni ya moto," Hafsa alijibu kwa sauti ya chini. "Ni kwake tu."

Sadick alikuwa sebuleni, amejikunyata ndani ya koti la sufu. Nje kuku walikuwa wametanua mbawa kivulini kwa joto la Desemba. Alinipa mkono. Ulikuwa kama samaki aliyetoka kwenye barafu.

"Nikishika koki mimi, yanapoa," alisema. "Na mimi napoa nayo, kila siku zaidi. Hospitali hawaoni kitu. Tengeneza, shemeji. Nitakufa."

Mfumo wenyewe si mgumu. Katika nyumba nyingine, ukifungua koki ya moto hutangulia maji yaliyopoa ndani ya bomba. Unayamwaga huku ukisubiri. Kwa Sadick hakuna kusubiri. Bomba linatoka kwenye tangi la kupashia maji, linapita bafu zote na jikoni, halafu linarudi tangini. Pampu ndogo huyazungusha maji. Bomba la kurudi likipoa, kidhibiti joto huiwasha. Likipata joto, huizima. Ina vali ya kuzuia maji yasigeuke njiani. Kwa hiyo bomba la kurudi hupoa kidogo tu kuliko la kwenda.

Nililishika la kwenda. Likaniunguza.

Nililishika la kurudi. Vidole vikafa ganzi kwa baridi.

Nilipima tena kwa kipimajoto, maana huwa siuamini mkono wangu. Pampu nzima. Vali nzima. Hakuna panapovuja. Ila mahali fulani njiani, joto lote lilikuwa linachukuliwa.

Nilifuata ukuta kwa kiganja hadi chumba cha mwisho. Fundi aliyafukia mabomba humo kwa sababu ndiyo njia fupi ya kurudi tangini. Plasta ilikuwa ya moto, kwa urefu wa mtu mzima aliyelala. Ubavuni mwake palikuwa na joto jingine, dogo, lisilozidi mkono wangu.

Chumba kile nakijua. Ndimo alimojifungulia dada yangu Mwahija. Siku ile, kabla mfumo huu haujafungwa, yeye na Sadick waligombana kwa ajili ya Hafsa. Sadick akafungia mkaa na mtungi wa gesi stoo, akafunga geti, akaondoka na funguo. Dada alinipigia, meno yakigongana. "Nimemwomba maji ya kukandwa tu. Kila nikipiga ananiambia yanakuja." Nilipofika kutoka Lindi na majirani wakavunja geti, alikuwa ameshapoa. Kichanga chake kikamfuata.

Nilirudi sebuleni. "Mfumo wako mzima, shemeji. Kuna mtu anayatumia maji."

"Nani?"

"Yule uliyemwambia yanakuja."

Bi Amina alikuwa amesimama mlangoni, taulo likidondosha maji. "Sadick, mwanangu," alinong'ona. "Ingia umwombe radhi. Maji ya mzazi hayadhulumiwi."

"Niliombe radhi bomba?" Alicheka kwa midomo iliyopauka. "Bomba linazimwa."

Alienda kuzima pampu. Pampu ikanyamaza. Maji hayakunyamaza. Tuliyasikia yakipita ukutani, taratibu, yakielekea chumba cha mwisho. Sadick akachukua nyundo, akayafuata.

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Pigo moja la nyundo.

Kisha taulo likakamuliwa.

Chovya. Kamua. Bandika.

"Moto!" Sadick alipiga yowe.

Chovya. Kamua. Bandika.

"Moto, Mwahija!"

Bi Amina aliusukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Mimi sikuugusa.

Ulifunguka wenyewe. Sadick alikuwa chali sakafuni, hapumui. Sakafu kavu. Koti kavu. Tulipolifunua, kiuno na tumbo vilikuwa vimebabuka kwa alama za pembe nne, moja ubavuni mwa nyingine, kila moja saizi ya taulo lililokunjwa. Kwingine kote alikuwa barafu. Bi Amina alitazama zile alama muda mrefu. "Huu mkono unajua kukanda," alinong'ona.

Baada ya maziko Hafsa alitaka mabomba yang'olewe. Umeme ulikuwa umekatwa, tangi limemwagwa hadi tone la mwisho. Nilikinga ndoo, nikalikata bomba la kurudi.

Hayakutoka maji. Kilitoka kitu kizito cha manjano, chenye uvuguvugu, kikatiririka hadi ndoo ikajaa.

Bi Amina alichovya kidole, akanusa. Akarudi nyuma hadi ukutani.

"Dang'a," alisema. "Maziwa ya siku ya kwanza."

Chumba cha pili, mtoto wa Hafsa aliyekuwa analia tangu alfajiri alinyamaza. Tulikimbilia huko. Alikuwa peke yake katikati ya kitanda, mdomo ukinyonya, shavu moja limebonyea kana kwamba limeegemea kitu. Na pembeni yake godoro lilikuwa limedidimia.